Kupaka Rangi Ukuta wa Mtu

"Kwani hii nyumba ni yako?"

Kila mtu aliyewahi kupanga nyumba Nairobi ameulizwa swali hili, au amejiuliza mwenyewe. Keateka huuliza akikuona unaingia getini na kopo la rangi. Mamako huuliza kwa simu ukimwambia umenunua mapazia mapya. Rafiki yako mwenye ploti Kamulu huuliza huku akicheka, na yeye mwenyewe bado anapanga. Wote wanauliza kama watu wanaojua jibu. Si yako, kwa hivyo tulia. Lipa renti, ngoja, utapamba ukijenga.

Wahenga nao wanaonekana kuwa upande wao, maana walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sawa. Lakini wahenga hawakusema ukiivaa miaka mitatu usiifue.

Nataka tulichukue swali la keateka kwa uzito, kwa sababu naona ni swali la maadili lililojificha ndani ya swali la pesa. Linauliza kama mtu ana haki ya kuishi vizuri mahali ambapo si pake. Na kama anayo, basi alipe nani, na afaidi nani.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Nairobi karibu kaya tisa kati ya kumi zinakaa katika nyumba za kupanga. Kwa hivyo "utapamba ukijenga" si ushauri kwa vijana wachache waliokwama njiani. Ni ushauri kwa mji mzima. Wengi katika hao hawatajenga kamwe, na wengine watajenga wakiwa na miaka hamsini na kitu, nyumba ya ushagoo ambayo watalala ndani yake wiki mbili za Disemba. Ukiutii ushauri huo mpaka mwisho utakuwa umeishi miaka thelathini katika vyumba usivyovipenda, ukikingoja kimoja utakachokipenda ukiwa na presha na magoti yanayouma.

Sasa tuchukue mfano. Binti mmoja, wa kubuni, amepanga bedsita Roysambu kwa shilingi 8,000. Kuta ni krimu, ile krimu ya kila bedsita, ambayo ikifika mwaka wa pili inafanana na chai iliyomwagika. Mwezi huu amelipa kila kitu na amebaki na shilingi 5,000. Ananunua rangi ya maji lita 4, kijani iliyopoa, pamoja na rola na brashi: 2,500. Zulia la mtumba kutoka Toi, wamebishana mpaka 900. Leso jozi moja, 700. Kipande kimoja kinakuwa pazia la kuficha jikoni, cha pili kinatandikwa juu ya meza ambayo kusema kweli ni kreti mbili za soda na ubao. Taa ndogo za kuning'iniza, 400. Mikebe miwili ya Kimbo anayo tayari, na mmea amekatiwa na jirani wa chini. Mia tano iliyobaki imeenda kwa msasa na chipo. Kazi inaanza Jumamosi, na Jumapili mchana anakaa chini kwenye zulia na kuangalia ukuta kama mtu anayeangalia sinema.

Mwaka mmoja na nusu baadaye anahama. Hapo hadithi inaweza kuisha namna mbili. Ya kwanza, keateka anaingia, anauangalia ukuta, anasema rudisha krimu la sivyo dipoziti inabaki. Ya pili, mwenye nyumba anakuja mwenyewe, anapiga picha chumba kabla zulia halijatolewa, na kesho yake tangazo liko mtandaoni: bedsita safi, 9,500. Zinaweza pia kutokea zote mbili siku moja, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Rangi ile ile inahesabiwa kuwa uharibifu kwa anayetoka, halafu inahesabiwa kuwa uzuri kwa anayeingia.

Kuna wanafalsafa wawili ambao wangependa kumsikia huyu binti. Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1689 kwamba mtu akichanganya kazi ya mikono yake na kitu cha asili ambacho hakina mwenyewe, kitu hicho kinakuwa chake. Ukichuma tunda msituni ni lako, kwa sababu ni wewe uliyelichuma. Hoja hiyo imetumiwa pia kuwanyang'anya watu ardhi iliyodaiwa kwamba "haitumiki", lakini hiyo ni makala nyingine. Karibu miaka mia tatu baadaye, mwaka 1974, Mmarekani Robert Nozick akauliza swali linalochekesha na kuuma kwa pamoja: nikimwaga mkebe wangu wa juisi ya nyanya baharini, ikachanganyika na maji yote, je, nimepata bahari au nimepoteza juisi yangu?

Rangi ya binti wetu ni hiyo juisi. Locke hawezi kumsaidia, kwa sababu ukuta ulikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Sheria nayo haimpi mengi. Ile sheria ya Kiingereza tuliyoirithi ina kanuni ya zamani sana kwamba kinachoshikamana na ardhi huwa sehemu ya ardhi, na nyumba ni ya ardhi, na rangi ni ya nyumba. Kuna huruma kidogo kwa mpangaji: mapambo aliyoyafunga mwenyewe anaweza kuondoka nayo, mradi ayafungue bila kuiharibu nyumba. Rafu utaifungua skrubu. Rangi huwezi kuikunja ukaitia kwenye gunia.

Kwa hivyo amepoteza juisi? Kwa hesabu ya mali, ndiyo, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Lakini angalia tena swali la Nozick. Linatambua mambo mawili tu, kupata na kupoteza. Kuna jambo la tatu tunalolifanya kila siku na vitu vyetu, nalo ni kuvitumia vikaisha. Hakuna anayemuuliza mtu aliyekula ugali na sukuma jana usiku, "Sasa umebaki na nini?" Alibaki na usiku aliolala akiwa ameshiba. Ile rangi ilikuwa 2,500 pamoja na rola. Miezi kumi na minane ni kama siku 540. Ni chini ya shilingi 5 kwa siku za kuamka ukiangalia kitu ulichokichagua. Peremende ni ghali kuliko hapo, ukizila kwa kasi ninayoijua mimi.

Najua jibu linalokuja: ugali ni lazima, rangi ni anasa. Hapa ndipo swali linapokuwa gumu kidogo, kwa sababu hoja kwamba pambo la nyumba ni upuuzi haikuanza na keateka wa Roysambu. Fasihi yetu wenyewe inayo, na kwa nguvu kuliko hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi unaouonya moyo kwa kuuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa yakiwaka taa, sasa ni magofu. Vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kaure, mshairi anatuonyesha vikiwa makao ya ndege. Popo wako ndani. Waliojenga wako kaburini. Ukiusoma utenzi huo usiku peke yako, hata zulia la 900 linaanza kukuaibisha.

Lakini mshairi alikuwa akizungumza juu ya nani? Wenye majumba. Watu walioishi kana kwamba hawataondoka, waliochonga milango mizito wakidhani itawashinda adui na wakati. Mpangaji hahitaji kuambiwa kwamba atahama. Anakumbushwa kila tarehe 5 ya mwezi. Anajua urefu wa notisi yake. Anayepaka rangi chumba ambacho anajua si chake, na anajua ataacha kila kitu ukutani, hawezi kuwa mfano mzuri wa mtu aliyesahau kwamba dunia ni mapito. Kama Al-Inkishafi inamgusa mtu wa leo, naona inamgusa zaidi yule anayemaliza akiba yote kwa dari ya jipsamu Ruiru akiamini kwamba sasa amefika.

Na hao watu wa vidaka wana jambo jingine la kutufundisha. Nyumba za zamani za mawe za Lamu, zile zenye sifa duniani kote, vyumba vyake ni vyembamba. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazikuwa ndefu, kwa hivyo upana wa chumba uliishia karibu mita tatu hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri. Mita tatu ni futi kumi. Ten-by-ten, wananchi! Waungwana wa Lamu walikuwa na upana ule ule wa chumba cha mabati Mathare. Urefu walikuwa nao, na chokaa safi, na ua katikati, kwa hivyo nisizidishe. Lakini walipotaka chumba chembamba kionekane na kina, walichonga vidaka kwenye ukuta wa ndani, safu juu ya safu, jicho lipate mahali pa kuingia. Hawakungoja boriti ndefu. Walifanya kazi na futi kumi walizokuwa nazo, wakaziona zinastahili.

Hilo neno, kustahili, ndilo naona liko chini ya mjadala huu wote. Ukimsikiliza vizuri anayesema "kwani ni yako?", hasemi tu kwamba utapata hasara. Anasema wewe hapa ni mpita njia, na mpita njia hapambi.

Nairobi ina historia ndefu na wazo hilo. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kama kibarua wa muda ambaye kwao halisi ni rizavu. Alibeba kipande shingoni. Nyumba alizojengewa mara nyingi zilikuwa za mwanaume peke yake, na hata si chumba, ni nafasi ya kitanda. Mtu wa kitanda kimoja atatundika nini, wapi? Pumwani, iliyoanzishwa mapema miaka ya 1920, ilikuwa tofauti kidogo kwa sababu Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao na kupangisha vyumba, na katika wenye nyumba hao walikuwamo wanawake wengi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu ukahaba katika Nairobi ya ukoloni, anaonyesha kwamba baadhi ya wanawake hao walijenga kwa pesa ya kazi hiyo, na kwamba walichokiuza hakikuwa kitanda tu. Waliuza chai, maji ya kuoga, chakula, mahali pa kukaa kama mtu. Yaani mji uliwanyima vibarua nyumbani, na wanawake wakawauzia saa chache za nyumbani. Waliojulikana kwa jina la dharau ndio walioelewa mapema kwamba binadamu hawezi kuishi miaka kama mzigo uliowekwa stoo.

Sisemi kila ukuta wa krimu ni ukoloni. Hiyo ingekuwa porojo. Nasema tu kwamba mazoea ya kumwona mpangaji kama mtu ambaye hayupo kabisa hayakuanguka kutoka mbinguni, na sisi tumeyameza mpaka tunajisemea wenyewe.

Walioyakataa kwa vitendo ni wale wenye kidogo zaidi. Ingia nyumba ya mabati, Mukuru au Kibera, na mara nyingi utakuta mabati huyaoni. Yamefunikwa kwa shuka au pazia jeupe la maua kutoka juu mpaka chini, au kwa magazeti yaliyobandikwa kwa uji mzito wa unga. Kalenda ya bucha. Kalenda ya mheshimiwa aliyeshindwa uchaguzi wa 2017, kwa sababu picha ya nyuma ina maporomoko ya maji. Pazia linagawanya chumba: huku ni sebuleni, kule ni chumbani. Futi kumi zimekuwa nyumba ya vyumba viwili kwa kitambaa cha mia tano. Kitambaa kinapunguza baridi, kinazuia vumbi, kinaficha kutu, na pia ni kizuri. Anayetaka kunionyesha mpaka kati ya lazima na anasa aje anionyeshe hapo, kwenye hicho kitambaa.

Nyumba hizo pia ndizo zinazobomolewa. Mukuru kwa Njenga mwishoni mwa 2021, Mathare baada ya mafuriko ya 2024. Tingatinga likishaondoa ukuta, ndani inakuwa nje. Maua ya pazia yanaonekana na barabara nzima. Wengi wa waliobomolewa walijua siku hiyo inaweza kuja, na bado walikuwa wametundika. Mtu anaweza kusema walijidanganya. Mimi nadhani walikuwa na hesabu sahihi kutuzidi: walijua kwamba muda wa kuishi mahali unapimwa kwa siku unazolala pale, hati au hakuna hati.

Hadi hapo nimemtetea binti wetu dhidi ya watu rahisi. Kuna mtu mmoja mgumu, naye ni mamake.

Mama hasemi "kwani ni yako?" kwa sababu ya mwenye nyumba. Anasema kwa sababu jikoni kwake panavuja, na mdogo wa mwisho amerudishwa nyumbani karo haijakamilika. Elfu tano kwa mama si rangi, ni mabati matano au zaidi kidogo. Sasa huku kwenye zulia la Toi tunajibu nini? Ningependa kuwa na kanuni. Wengi wetu tungependa, hasa tarehe mosi simu ikilia. Ninachokiona ni kwamba paa linalovuja linakuja kwanza, wazi kabisa, na mtu anayepaka kijani huku akijua mamake anakinga maji kwa sufuria ana jambo la kuulizana na nafsi yake. Lakini shida ya nyumbani mara nyingi si paa moja. Ni mstari usioisha: paa, karo, mazishi ya mjomba, mbolea, simu ya mtoto wa shangazi. Ukisema sitajifanyia kitu hadi mstari uishe, umesema hutajifanyia kitu. Na anayejinyima bila kikomo huwa hawi mkarimu zaidi. Nimeona anakuwa mchungu, anatuma pesa huku akisonya.

Halafu mama mwenyewe, tumtazame. Sebule yake ina makochi yaliyovaa vitambaa alivyovifuma kwa mkono, vyeupe, vinavyofuliwa na kupigwa pasi Jumamosi. Kwenye kabati la vioo kuna vikombe ambavyo hajawahi kuvinywea. Kuna saa ya ukutani isiyofanya kazi tangu enzi za Moi. Alipamba hayo yote wakati karo yetu sisi wakubwa pia ilikuwa haijakamilika, na hakuna aliyemwita mbadhirifu. Kwa nini? Kwa sababu alipamba kwa ajili ya mgeni. Katika malezi mengi ya kwetu, uzuri wa nyumba ni heshima unayomwekea mtu atakayebisha hodi. Watoto tulifukuzwa kutoka kwenye yale makochi. Uzuri haukuwa wetu, ulikuwa wa mwalimu mkuu na mchungaji.

Binti wa Roysambu amegeuza jambo hilo. Mgeni wake wa kwanza ni yeye mwenyewe, akirudi saa mbili usiku na miguu imevimba kwa kusimama kwenye matatu. Naona haya ni mabadiliko makubwa kimaadili kuliko bei yake, na nadhani ndiyo sababu yanawasumbua wazazi. Mtoto anasema kwa vitendo: nami ni mtu wa kuandaliwa.

Ingekuwa vyema kama tungeishia hapo, ila kuna mgeni mwingine ameingia bila hodi. Ni kamera. Zile video za keja kabla na baada, TikTok na Instagram, chumba kikigeuka ndani ya sekunde thelathini kuwa hoteli ya Dubai. Sizichukii, nimejifunza humo kufunga pazia bila kutoboa ukuta. Lakini kamera ni mgeni asiyekaa, asiyekunywa chai, na asiyeridhika. Kwa mchungaji, vitambaa vile vile vilitosha miaka kumi na mitano. Kwa kamera, kijani ya Machi imepitwa na wakati Julai. Nikiona mtu amechukua mkopo wa simu ili kununua kioo kirefu chenye taa, sioni mtu anayejiandalia makao. Naona mtu amerudi kule kule kwa mamake, kupambia wengine, ila safari hii wageni ni elfu nne na hakuna atakayemletea hata mkate. Bajeti ndogo ina faida moja ambayo haisemwi: inakulazimisha uchague kitu kimoja, na ukichagua kimoja unajua unakipenda.

Sasa tumrudie mwenye nyumba, ambaye hadi hapa nimemwonea. Ana upande wake. Amekopa benki kujenga. Amewahi kukuta chumba kimepakwa nyeusi dari na kuta, ikamchukua fundi makoti matatu kuificha. Krimu kwake ni rangi isiyomkera yeyote, na nyumba isiyomkera yeyote inapangishwa haraka. Hilo ni haki yake. Lakini akitaka krimu yake irudi, basi akubali kwamba kijani ilikuwa na thamani ya sifuri, asiipandishie kodi. Na akiipandishia kodi, basi arudishe dipoziti yote na aseme asante. Kuchukua pande zote mbili ni kula huku na huku, na hatuhitaji mwanafalsafa kujua hivyo.

Sheria haitamlazimisha. Sheria yetu ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta bedsita ya bei hiyo Roysambu uniambie. Kwa hivyo kinachobaki ni maelewano, na maelewano ya Nairobi yasiyoandikwa ni moshi. Kabla ya kufungua kopo, mtumie ujumbe wa WhatsApp, umwonyeshe rangi yenyewe, umuulize waziwazi: nikihama, inabaki au inarudi krimu? Picha za kuta siku ya kuingia, picha siku ya kutoka. Akikataa kabisa, kuna leso, kuna mkeka, kuna taa, kuna vyote vinavyoingia kwenye gunia. Watu wa mabati wametuonyesha jinsi unavyoweza kufunika kuta nne bila kugusa hata moja.

Wapo wanaosema basi tufanye hivyo tu siku zote, tupambe kwa vinavyobebeka, tusimwachie landilodi hata tone. Ni ushauri wa busara, na kwa mwenye kidogo huenda ndio bora. Lakini unasahau mtu mmoja. Kati ya binti wetu na mwenye nyumba kuna wa tatu ambaye hajafika bado, yule atakayepanga baada yake.

Fikiria ulipoingia kwenye nyumba unayokaa sasa. Kulikuwa na msumari mahali fulani, karibu na mlango, kwa urefu mzuri, na umeutundikia funguo tangu siku ya kwanza. Hukuupiga wewe. Pengine bafuni kuna ndoano, au kule kwenye balkoni kuna mpasheni uliopanda mpaka kwa jirani, na hujui nani aliupanda. Hao ni wapangaji waliotangulia. Hawakukujua, hawakulipwa, na landilodi hakuwaruhusu. Umekula matunda yao na hujawahi kuwafikiria hadi leo. Tenda wema uende zako, walisema wahenga wale wale wa nguo ya kuazima, na sidhani walikuwa wanawazia misumari, lakini inaingia.

Juisi ya nyanya haikuenda baharini yote, basi. Nyingine anakunywa mtu usiyemjua, labda kijana wa kwanza kutoka kwao, ametoka Kitale au Voi na begi moja, anafungua mlango saa kumi na mbili jioni akitegemea krimu na kukuta kijani. Atalipa 9,500, ndiyo, na hiyo 1,500 ya ziada si haki, na aigombanie. Ila ukuta wenyewe hatauchukia.

Binti anapofungasha, kopo lina rangi robo hivi, inatosha kuziba mikwaruzo. Anaweza kulibeba, ingawa huko anakokwenda amesikia wanataka krimu. Analifunga kwa kupigilia kifuniko kwa kisigino cha kiatu, analisukuma chini ya sinki, nyuma ya bomba, mahali ambapo keateka haangalii.